Mafuriko ya "mara moja kwa miaka 100" hayaji kwa zamu: uzi wa utabiri wa majanga makubwa

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu, asiye na muda asome kidogokidogo. Nimeuanzisha kwa sababu kila likitokea janga kubwa popote duniani naona mabishano yaleyale, hawa wanasema "wataalamu walikuwa wapi mbona hawakusema", wale wanasema "haya mambo hayatabiriki tuyaache", na ukienda kuchimba unakuta mara nyingi kilisemwa, tena mapema, ila kilichosemwa na kilichosikika vilikuwa vitu viwili tofauti. Watu wamefia hapo katikati. Hilo ndo linaniuma.

Nianze na tukio ambalo sio maarufu sana ila kwangu ndo darasa lenyewe. Mji wa Grand Forks, jimbo la North Dakota, Marekani, mwaka 1997. Majira yale ya baridi theluji ilianguka nyingi kupita kawaida na kila mtu alijua ikiyeyuka mto Red River utafurika, halikuwa jambo la siri. Tangu mwezi wa pili idara ya hali ya hewa ikatoa makisio, maji yatafika kama futi 49. Mji ukafanya kazi kwelikweli, watu wanajaza mifuko ya mchanga usiku na mchana, matuta yakapandishwa hadi karibu futi 52, yaani wakajiwekea akiba ya futi tatu juu ya namba waliyopewa. Mwezi wa nne maji yakaja, yakapita 49, yakapita 50, yakapita 52, yakaenda kusimama kwenye futi 54 na ushee. Matuta yakazidiwa, sehemu kubwa ya mji wenye watu kama elfu 50 ikahama, na katikati ya mji majengo yakashika moto huku yamezungukwa na maji pande zote.

Sasa tulia hapa. Kukosea futi 5 kwenye utabiri wa miezi miwili mbele kwa mto kama ule sio ajabu hata kidogo, ukirudi nyuma kwenye makisio ya miaka iliyotangulia makosa ya kiasi hicho yalikuwepo. Ila mji haukuambiwa kwa lugha inayoeleweka kwamba "ni 49, lakini inaweza ikawa 44 na inaweza ikawa 54". Wengine wakaichukua 49 kama kikomo, maji hayawezi kuvuka hapo, wengine wakaichukua kama kipimo kamili. Wangeuona upana ule, lile tuta la futi 52 lingeonekana siku ileile kwamba halitoshi. Utabiri wenyewe haukuwa mbaya kivile jamani, walichopewa watu ni nusu yake.

Kwahiyo hoja yangu ndo hii: ukipewa namba moja bila kuambiwa inaweza kukosea kwa kiasi gani, hujapewa utabiri.

kijito:

Mkuu nimekuelewa vizuri, ila kuna hili la "mafuriko ya mara moja kwa miaka 100" linanichanganya siku zote. Yakishatokea mwaka huu si ina maana tumemaliza, mpaka miaka 100 mingine? Mbona kuna sehemu yanapiga mfululizo?

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Swali zuri sana na wala usione aibu, hata viongozi wanaolipwa kufanya maamuzi wanateleza hapo.

Chukua mfuko wenye gololi 100, 99 nyeupe na moja nyekundu. Kila mwaka unafumba macho unatoa moja, unaiangalia, alafu UNAIRUDISHA. Hapo kwenye kuirudisha ndo siri yote ilipo. Ukitoa nyekundu mwaka huu, mwakani mfuko ni uleule, nafasi ni ileile moja kwa mia. Mto haukumbuki kwamba ulishafurika juzi.

Sasa piga hesabu ya mtu aliyejenga nyumba bondeni atakaa miaka 30. Nafasi ya kukwepa mwaka mmoja ni 0.99, unazidisha yenyewe kwa yenyewe mara 30 unapata kama 0.74, maana yake ana asilimia 26 ya kuyaona hayo mafuriko kabla ya miaka 30 kuisha. Mtu mmoja kati ya wanne. Ukimwambia "mara moja kwa miaka 100" anaenda kulala, ukimwambia "nafasi moja kati ya nne kabla mtoto wako hajafika miaka 30" anaanza kuuliza maswali. Hesabu ni ileile, lakini hawa watu wawili watajenga tofauti, ndo maana natamani lile jina la miaka 100 lifutwe kabisa.

Kuhusu kupiga mfululizo, Houston kule Texas walipata mafuriko 2015, yakaja 2016, yakaja ya kimbunga Harvey 2017, na yote matatu yalitajwa kuwa ya daraja la "miaka 500". Sababu sio moja. Kwanza mji ni mkubwa una mito mingi, kila mto ni mfuko wake. Pili mfuko wenyewe umebadilishwa gololi, hewa ikiongezeka joto nyuzi moja inabeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, na ardhi iliyokuwa nyasi ikiwekwa lami na zege maji hayana pa kunywea, yanakimbilia mtoni yote kwa mkupuo. Tatu, na hii ndo watu hawaisemi, ile "500" yenyewe ilikokotolewa kwenye rekodi ya miongo michache tu.

Hapo pa tatu niongeze kidogo. Unataka kujua kitu kinachotokea mara moja kwa miaka 500 au 1000 wakati vipimo vyako vya mto vina miaka 60 au 70. Kuna tawi zima la takwimu la kushughulika na hilo, la vilele, yaani viwango vya juu kabisa ambavyo ni nadra kutokea, wanatakwimu Fisher na Tippett waliweka msingi wake 1928 na Emil Gumbel akaja kulifanya litumike kwenye mito. Kazi yake ni kuuvuta mstari kupita pale data zako zilipoishia. Inafanya kazi, mimi naiheshimu sana, lakini kadiri unavyouvuta mbali ndivyo upana wa kukosea unavyofunguka kama mdomo wa tarumbeta, na kwenye ramani za mafuriko huo mdomo hauchorwi. Unachorwa mstari mmoja mwembamba wa bluu, upande huu uko salama upande ule hauko salama, nyumba mbili zinatazamana.

Tufani:

Mleta uzi umeongelea mafuriko tu. Matetemeko je? Mimi nilisoma kwamba Wachina waliwahi kutabiri tetemeko wakahamisha watu, sasa kwanini hii kitu haifanyiki kila mahali?

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Ni kweli, Haicheng, tarehe 4 Februari 1975. Kulikuwa na mfululizo wa mitetemo midogo iliyozidi kuongezeka, watu wakatolewa majumbani, tetemeko kubwa likaja na wengi wakaokoka. Ilishangiliwa dunia nzima. Miezi 17 baadae, 28 Julai 1976, Tangshan ikapigwa alfajiri watu wamelala, hamna mitetemo ya kutangulia iliyoeleweka, hamna onyo, na zaidi ya watu laki mbili na elfu arobaini wakafa. Nchi ileile. Shida ni kwamba mitetemo midogo hutokea kila wakati na mara nyingi haifuatwi na kitu, na matetemeko makubwa mengi hayatanguliwi na mitetemo ya aina hiyo, kwahiyo ishara iliyookoa Haicheng huwezi kuitegemea.

Wamarekani nao wakajaribu kwa njia nyingine. Kule Parkfield, California, matetemeko ya ukubwa unaofanana yalitokea 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, ukiangalia unaona karibu kila miaka 22. Wakatangaza linalofuata litakuja kabla ya 1993 kuisha, wakajaza vipimo kila kona kulisubiri. 1993 ikapita. Lilikuja Septemba 2004. Na kilichosikitisha ni kwamba hata vile vipimo vyote vilivyokuwa pale juu yake havikuonyesha dalili ya wazi kabla.

Kwahiyo kwenye tetemeko mtu akikuambia tarehe na saa, usimsikilize. Kinachowezekana ni vitu viwili. Kimoja ni nafasi ya muda mrefu, mfano eneo fulani lina asilimia kadhaa za kupigwa ndani ya miaka 30, na hiyo inatosha kabisa kuamua nyumba zijengwe vipi. Cha pili ni sekunde. Tetemeko likianza hutoa wimbi la kwanza lenye kasi ila halina nguvu sana, nyuma yake linakuja la pili lenye kasi karibu nusu yake na hilo ndo linabomoa. Vipimo vikinasa la kwanza, mtambo unatuma onyo kwa umeme ambao unayapita yote mawili. Unapata sekunde chache hadi dakika moja hivi kutegemea uko mbali kiasi gani. Japani wanawapa wananchi onyo hilo tangu 2007, Mexico walianza mapema zaidi baada ya maumivu ya tetemeko la 1985. Sekunde 15 zinatosha treni kuanza kufunga breki na zinamwezesha mtoto kuingia chini ya dawati.

nyuzi_tatu:

Samahani naingilia. Dada mmoja hapa. Naona mnaongelea tu ukubwa wa tukio, mimi nafikiri janga lenyewe liko kwenye nyumba na umaskini wa watu. Haiti na Chile zilipigwa mwaka mmoja, tofauti ya vifo haisemeki.

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Dada asante, hilo ndo lilikuwa linafuata. Haiti tarehe 12 Januari 2010, ukubwa 7.0. Chile tarehe 27 Februari 2010, ukubwa 8.8. Kwa nishati lile la Chile lilikuwa kama mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu mia tano na kitu, tena kwa tetemeko na tsunami kwa pamoja. Haiti makadirio yanapishana sana ila hata yale ya chini kabisa ni makumi elfu, na mengi yanazungumzia zaidi ya laki moja.

Tuwe wakweli pia, la Haiti lilikuwa karibu sana na Port-au-Prince na halikuwa na kina kirefu, la Chile kitovu chake kilikuwa pembezoni mwa pwani, kwahiyo sio ujenzi peke yake. Lakini Chile baada ya tetemeko la 1960, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, 9.5, wakaimarisha kanuni za ujenzi na wakazisimamia. Ndo maana wanaofanya tathmini huwa wanazidisha vitu vitatu, nafasi ya tukio kutokea, nani na nini kipo njiani, na kilichopo njiani kinavunjika kirahisi kiasi gani. Cha kwanza huna uwezo nacho. Viwili vilivyobaki ni vya binadamu.

Waholanzi walifanya hiyo hesabu mpaka mwisho. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari iliwavunjia matuta wakafa watu 1,836. Kabla ya hapo walikuwa wanajenga tuta kwa kuangalia maji yalipowahi kufika, wanaongeza kidogo. Baada ya hapo wakageuza swali, mwanahisabati wao David van Dantzig akapiga hesabu ya gharama ya kupandisha tuta dhidi ya hasara ikiwa litavukwa, wakafika kwenye kiwango cha nafasi moja kwa miaka 10,000 kwa pwani ile yenye watu wengi. Hiyo tofauti ya "maji yalifika wapi" na "maji yanaweza kufika wapi" ni kubwa sana, nawaomba muitafakari mkiwa mnaangalia mto wowote.

Maana Fukushima, kule Japani, ilianguka hapohapo. Kiwanda cha umeme wa nyuklia cha pale kilikuwa kimekadiriwa tsunami ya kama mita 5.7, ile ya 11 Machi 2011 ikafika mita 14 na zaidi. Na kumbukumbu ilikuwepo chini ya ardhi! Mwaka 869 kulikuwa na tsunami inaitwa Jogan, iliandikwa kwenye vitabu vya historia vya Japani, na wanajiolojia walikuwa wamechimba mashamba ya tambarare ya Sendai wakakuta tabaka la mchanga wa baharini kilomita kadhaa ndani ya nchi kavu, mchanga katikati ya udongo mweusi. Ukiushika unajua bahari ilifika hapa. Walishalisema kabla ya 2011. Ila rekodi za mashine zinaanzia juzi tu, na mezani mashine ikawa na sauti kubwa kuliko mchanga.

Tufani:

Sawa, ila kuna upande mwingine mkuu. Mkipiga kelele mara tatu kitu hakiji, ya nne nani atahama? Watu wanachoka na maonyo ya uongo.

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Hoja nzito hiyo na sitaki kuipita juujuu.

Utabiri wa kisasa wa mvua kubwa au kimbunga hauendeshwi mara moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri kwa mfano tangu 1992 kinaendesha modeli, yaani hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta, mara nyingi kwa wakati mmoja, siku hizi ni mara 50 na moja ya kuongozea, kila moja wameibadilishia mwanzo wake kidogo sana, kwa sababu mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha tangu 1963 kwamba tofauti ndogo ya mwanzo inakua mpaka inakupeleka kwenye hali nyingine kabisa. Sasa sema kati ya hizo 50, nane zinaonyesha mto unafurika Ijumaa. Hiyo ni asilimia 16. Je utoe onyo?

Jibu halipo kwenye asilimia peke yake, lipo kwenye gharama. Kama kuhama kunakupotezea siku moja ya kazi, na kubaki mafuriko yakija kunakupotezea siku 20, basi inakulipa kuhama kuanzia nafasi ya moja kwa 20, asilimia 5. Kwa asilimia 16 unahama bila kujiuliza mara mbili. Na ukihama kila wanaposema asilimia 16 utahama kama mara sita kwa kila mara moja ambayo maji yatakuja kweli. Hizo nyingine hazikuwa uongo. Uongo ungekuwa kama wakisema asilimia 16 mara mia alafu maji yakaja mara mbili tu, au yakaja mara 50, na hilo linapimika, vituo makini vinajipima hivyo kila mwaka.

Tatizo ni kwamba onyo linatolewa kama ndiyo au hapana. "Mafuriko yanakuja hameni." Hayaji, mtu anajiona amedanganywa. Angeambiwa tangu mwanzo kwamba ni nafasi moja kwa sita na kwanini hata hiyo moja kwa sita inatosha kuhama, angerudi nyumbani akishukuru. Naamini kabisa watu wa kawaida wanaielewa asilimia, kila siku wanaamua kubeba mwavuli au kuuacha.

Na upande wa pili wa kuogopa kelele ni huu. L'Aquila, Italia, 2009, mitetemo midogo miezi kadhaa, watu wana hofu, wataalamu wakakutana, na ujumbe uliowafikia watu ukawa ni wa kuwatuliza. Tarehe 6 Aprili likaja la 6.3 wakafa 309. Wanasayansi sita na ofisa mmoja walihukumiwa miaka 6 mwaka 2012, rufaa ya 2014 ikawaachia wale sita na ofisa akapunguziwa hadi miaka miwili. Mimi naona ni sahihi walivyoachiwa, hakuna ambaye angeweza kutabiri. Ila kusema "nafasi ni ndogo" na kusema "hamna hatari" sio kitu kimoja, na aliyezoea kutoka nje usiku nyumba ikitikisika hakupaswa kuambiwa atulie ndani.

kijito:

Kuna sehemu imewahi kwenda vizuri? Maana mpaka hapa nimeogopa.

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Zipo ndugu yangu tena kubwa. Pinatubo, Ufilipino, 1991. Mlima wa volkano umelala karne kadhaa, ukaanza kutoa moshi mwezi wa nne, wanasayansi wakapanda na vipimo vyao, wakaweka ngazi za tahadhari za namba rahisi, wakawaonyesha viongozi video ya mlima unapolipuka unafanya nini ili wasibaki na maneno tu. Makumi elfu wakahamishwa kabla ya mlipuko wa tarehe 15 Juni, ambao ni kati ya mikubwa ya karne ile. Wengi waliokufa walibomokewa na mapaa kwa sababu kimbunga kilipita siku ileile majivu yakalowa yakawa mazito. Bila ile kazi ingekuwa ni maelfu mengine.

Bangladesh ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Kimbunga cha Bhola 1970 kiliua watu kati ya laki tatu na laki tano. Cha 1991 kiliua kama laki moja na elfu 38. Sidr ya 2007, kimbunga kikali kwelikweli, zaidi ya elfu tatu. Bahari haijapungua nguvu. Walijenga majengo ya kukimbilia yaliyosimama juu ya nguzo, wakaandaa watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Hatua ya mwisho ya onyo kule ni mtu anayekujua amesimama mlangoni kwako.

Linganisha na Valencia, Hispania, 29 Oktoba 2024. Idara ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu asubuhi. Ujumbe wa simu kwa wananchi ulitoka saa 2 usiku na ushee, watu wengi wakiwa tayari majini, wengine kwenye maegesho ya chini ya ardhi wanajaribu kutoa magari. Walikufa zaidi ya 220. Satelaiti zote zilikuwepo.

nyuzi_tatu:

Na asiye na simu wala kituo cha utabiri?

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Dada, kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Tsunami ya 1907 iliua watu wengi pale, waliobaki wakatunga hadithi na nyimbo za kulaza watoto kuhusu kitu walichokiita smong, ardhi ikitikisika sana alafu bahari ikarudi nyuma, kimbieni mlimani msirudi kuchukua kitu. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 lilipiga karibu yao kuliko karibu mtu yeyote, wimbi likafika ndani ya dakika chache, hakuna king'ora ambacho kingewahi. Wakapanda mlimani. Kisiwa cha watu zaidi ya elfu 70, walikufa saba. Kwenye bahari ileile siku ileile dunia ilipoteza zaidi ya laki mbili na elfu ishirini.

kijito:

Mkuu nashukuru sana. Naenda kutafuta ramani ya mafuriko ya huku ninapokaa, nikiipata naileta hapa.

Jicho la Mbali (mleta uzi):

Ilete. Angalia kwanza imechorwa mwaka gani, rekodi ya miaka mingapi ilitumika, na juu ya mto kumejengwa nini tangu hapo. Kama kuna wazee wameishi hapo muda mrefu waulize maji yaliwahi kufika wapi, wakuonyeshe kwa mkono ukutani, alafu pima kutoka chini uandike.